Shina la Jina na Fahirisi ya Pili: Uhakiki wa Kanzidata Zilizotawanyika, kwa Mizani ya Majina ya Tunduma

Wanafunzi wa Kiswahili hawana haja ya kuambiwa kwamba neno moja laweza kutafutwa kwa njia mbili. Alitafutaye neno "mwandishi" aweza kulitafuta chini ya herufi M, kama lisikikavyo, au chini ya "andika", mahali lilipozaliwa. Bwana Frederick Johnson, katika kamusi yake iliyotolewa mwaka 1939, aliyaweka majina mengi yatokanayo na vitenzi pamoja na vitenzi vyake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyapanga majina kwa herufi zake za mwanzo, viambishi na vyote. Kila njia ina watetezi wake, na ubishi wao haujaisha. Nia ya makala hii ni kuonyesha kwamba ubishi huo huo umezuka mahali pengine, miongoni mwa watengenezaji wa programu huria za kuhifadhi habari, na kwamba wao, pamoja na ustadi wao mkubwa, wamelijibu nusu tu ya swali.

Kitu tutakachokihakiki ni kile kiitwacho fahirisi ya pili katika kanzidata za aina ya NoSQL, yaani kanzidata zisizofuata mtindo wa majedwali yenye kuhusiana, na ambazo aghalabu habari zake zimetawanywa juu ya seva nyingi. Tutazichukua mbili, Cassandra na CouchDB, ambazo zote ni programu huria chini ya Apache Software Foundation, tuzipime kwa majina ya watu wa Tunduma. Mizani hiyo hatukuichagua kwa kupenda mambo mageni. Kama tutakavyoona, majina ya huko yaidai fahirisi jambo ambalo majina ya London hayalidai.

Mji wa Tunduma umo katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka mkoa wa Mbeya mwaka 2016 na ambao makao yake makuu yako Vwawa. Ng'ambo ya mpaka upo mji wa Nakonde, nchini Zambia, na mtu aweza kutoka mji mmoja akaingia wa pili kwa miguu. Barabara kuu ya kwenda Zambia yapita hapo, na reli ya TAZARA pia. Mwaka 2019 marais wa nchi hizo mbili walifungua kituo cha pamoja cha kuhudumia wasafiri na mizigo. Mpaka wenyewe watokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, ambayo hayakuwauliza wenyeji neno lolote. Watu waliokuwa wamoja walijikuta chini ya serikali mbili. Upande wa Tanzania wao ni Wanyamwanga. Upande wa Zambia jina lao huandikwa Namwanga. Basi hata jina la kabila lina tahajia mbili, na mpaka umepita katikati yake.

Miongoni mwa watu hao na jirani zao Wamambwe, jina la ukoo huvaa kiambishi cha mwanamume au cha mwanamke. Mwanamume ni Silungwe, dada yake ni Nalungwe. Mwanamume ni Sikazwe, dada yake ni Nakazwe. Na Sinyangwe na Nanyangwe ni vivyo hivyo. Ukoo umo katika shina; kiambishi chatuambia tu kama mwenye jina ni wa kiume au wa kike. Juu ya hayo, upande mmoja wa mpaka umezoea tahajia ya Kiswahili, na upande wa pili umezoea kuiandika irabu ambayo Kiswahili kimeiacha. Hivyo Simkonda wa Tunduma ni Simukonda wa Nakonde, na Simkoko ni Simukoko. Tena ofisi ifuatayo desturi ya kuandika jina la baba kama lilivyo humwandika binti kwa Si-, ingawa kwao aitwa kwa Na-. Kwa hiyo mwanamke mmoja aweza kuwa Silungwe katika karatasi moja na Nalungwe katika nyingine, pasipo udanganyifu wowote.

Sasa tuchukue mfano. Mwanamke ameanguka njiani, akapelekwa hospitali hali hawezi kusema; jina lake limepatikana katika karatasi zake, nalo ni Nalungwe. Ndugu yake amekuja kumtafuta. Karani amwuliza jina la ukoo, naye ajibu kwa haki kabisa: Silungwe. Karani aliandika katika mashine, na mashine yajibu kwamba mtu huyo hayupo. Lakini yupo, chumba cha tatu. Mashine haikusema uongo kwa kadiri ya ujuzi wake, bali imechanganya maneno mawili yaliyo mbali sana, "hayupo" na "sikumtafuta alipo". Uhakiki wetu wote wahusu tofauti ya maneno hayo mawili.

Kila habari iwekwayo katika kanzidata hupewa ufunguo wake wa kwanza, na kwa ufunguo huo hupatikana upesi. Aghalabu ufunguo huwa ni nambari. Nambari ya kitambulisho cha taifa nchini Tanzania ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa ni tarehe ya kuzaliwa. Ni ufunguo mzuri kwa mashine, maana hauna pacha. Lakini nani ajuaye kwa moyo tarakimu 20 za dada yake? Mtu huuliza kwa jina, kwa kijiji, kwa mama wa mtoto. Fahirisi ya pili ni orodha nyingine, iliyopangwa kwa mojawapo ya maswali hayo, yenye kutuelekeza kwenye ufunguo wa kwanza. Pasipo orodha hiyo mashine hulazimika kusoma kila ukurasa tangu wa kwanza hadi wa mwisho.

Kuhusu neno lenyewe yafaa tuseme machache. Wengi husema faharasa. Lakini katika vitabu vya shule faharasa siku hizi ni orodha ya maneno magumu pamoja na maana zake, kwa hiyo twaona afadhali kutumia fahirisi. Neno hili ni la ukoo mmoja na jina la kitabu mashuhuri cha Ibn al-Nadim wa Baghdad, al-Fihrist, kilichotungwa katika karne ya 10 ili kuorodhesha vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua. Ama kuhusu "ya pili", msomaji asidhani kwamba maana yake ni duni. Ni ya pili kwa sababu huja baada ya ufunguo, kama vile mlango wa uani ulivyo wa pili katika nyumba. Na kila mtu ajua kwamba jamaa wa nyumba hupita uani, na mlango wa mbele ni wa wageni.

Tuiangalie kwanza Cassandra. Ilianzishwa katika kampuni ya Facebook na ikatolewa kuwa programu huria mwaka 2008. Wazo lake la kutawanya habari lafuata mfumo wa Dynamo, ambao Amazon waliueleza mwaka 2007. Ufunguo wa kila habari huchanganywa kwa hesabu maalum, na jibu la hesabu huamua seva itakayoibeba. Sifa ya njia hii haina budi kutajwa. Lau watu wa Tunduma wangegawanywa kwa herufi za mwanzo za majina, seva ya S na seva ya N zingeelemewa, ilhali nyingine zingekaa bure. Ni jambo lile lile liwapatalo wanakamusi wanaopanga kwa viambishi, wakaona herufi M imefura kuliko zote. Cassandra imeuondoa uzito huo. Lakini dawa hiyo ina uchungu wake: maadam kila ufunguo umechanganywa, majirani wametengana, na hakuna mahali ambapo watu wa ukoo mmoja wako pamoja.

Fahirisi za pili ziliingizwa katika Cassandra kwa toleo 0.7 la mwaka 2011. Namna yake yaweza kuelezwa kwa mfano wa mkoa wenyewe. Tuwaze kwamba wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe kila moja ina daftari lake la watu, na nyuma ya kila daftari pana fahirisi ya majina ya daftari hilo tu. Kuandika ni rahisi: mtu akiandikwa Ileje, fahirisi ya Ileje husahihishwa hapo hapo, kwa mkono ule ule. Lakini aulizaye jina bila kujua wilaya hana budi kutuma wajumbe wanne, na kama mito imefurika na mjumbe wa Ileje hakurudi, jibu halijakamilika. Wilaya nne si nyingi. Lakini seva zaweza kuwa mia, na mjumbe mmoja akichelewa wote wamechelewa.

Njia ya pili ni kuweka fahirisi moja kubwa Vwawa, iliyopangwa kwa swali lenyewe. Hapo mjumbe ni mmoja na jibu ni la upesi. Lakini kila jina liandikwalo Ileje lazima lipelekewe barua Vwawa, na kati ya kuandikwa kwake na kufika kwa barua fahirisi ya Vwawa ni ya jana. Na barua ikipotea? Cassandra ilijaribu njia ya namna hii kwa toleo 3.0 la mwaka 2015, ikiruhusu nakala ya jedwali ipangwe upya kwa ufunguo mwingine, mfumo wenyewe ukiitunza. Baadaye ikadhihirika kwamba nakala na asili zaweza kuachana, na kuzipatanisha ni kazi ngumu. Watengenezaji wakatangaza kwamba nakala hizo ni za majaribio, na katika toleo 4.0 la mwaka 2021 zikafungwa mpaka mwenye mfumo azifungue mwenyewe. Hatusemi haya kwa kuwadharau. Kinyume chake, ni fahari ya kazi ya wazi kwamba kosa lilikirimiwa kukubaliwa mbele ya watu wote, na sababu zake zikaandikwa mahali ambapo yeyote aweza kuzisoma.

Katika toleo 5.0 la mwaka 2024 imekuja fahirisi mpya iliyoshikamana na hifadhi yenyewe, iliyo nyepesi kuliko zilizotangulia. Yaweza kuambiwa isijali herufi kubwa na ndogo, na ilinganishe herufi zenye alama na zisizo na alama. Hapa ndipo mhakiki hana budi kusimama. Mambo hayo yaliyofikiriwa ni matatizo ya majina ya Ulaya: je, herufi hii ina alama juu yake au haina? Kwamba jina laweza kubadilika upande wa kushoto, ukoo ukabaki kulia, halikufikiriwa. Fahirisi nyingine iliyoingizwa mwaka 2016 iliweza kutafuta sehemu yoyote ya jina, hata mwisho wake, na kwa hiyo ingeweza kumpata Nalungwe kwa kuulizwa "lungwe". Lakini nayo imewekwa katika fungu la majaribio. Kwa karibu miaka 15 mjadala mkuu umekuwa ni mahali fahirisi ikae, Ileje au Vwawa, na kasi ya barua. Swali la nini kiandikwe ndani ya fahirisi limepitwa kama jambo lililokwisha kujulikana: kilichoandikwa katika daftari ndicho kiandikwacho katika fahirisi, herufi kwa herufi.

CouchDB ni ya tabia nyingine. Ilianzishwa na Damien Katz mwaka 2005, na imejengwa ili nakala za habari zikae mbali mbali, kila moja ikifanya kazi peke yake, kisha zilinganishwe njia ipatikanapo. Tabia hiyo imeifanya ifae katika nchi zetu. Programu huria za Community Health Toolkit, ambazo hutumiwa na wahudumu wa afya wa jamii, miongoni mwao wa mpango wa Jamii ni Afya huko Zanzibar, zimejengwa juu yake: simu ya mhudumu hubeba nakala ya habari za nyumba zake, naye huandika hata pasipo mtandao.

Katika CouchDB fahirisi haitajwi kwa jina la safu, bali huandikwa kama kanuni. Mtumiaji huieleza mashine: soma kila hati, na kwa kila moja nipe neno ambalo kwalo itafutwe. Neno hilo si lazima liwe lile lililoandikwa. Kanuni yaweza kuondoa Si- na Na-, ikageuza "Simukonda" na "Simkonda" kuwa neno moja, na kuweka "lungwe" mahali pa Silungwe na Nalungwe pia. Hati yenyewe haiguswi. Kila mtu abaki na jina lake kama alivyolitaka, na ndugu hukutana katika fahirisi. Mwanakamusi atatambua mara moja kwamba hii ndiyo kazi ya Johnson: "mwandishi" lisipokonywe kiambishi chake, ila lionekane pia penye "andika".

Lakini tusiisifu kupita kiasi. Kwanza, fahirisi za CouchDB hazisahihishwi papo hapo hati inapoandikwa, bali baadaye. Anayeuliza wa kwanza baada ya maandishi mengi aweza kungoja, na kungoja huko si jambo dogo penye mgonjwa. Pili, tangu toleo 2.0 la mwaka 2016, habari zake nazo zaweza kugawanywa juu ya seva nyingi, na hapo swali la kawaida hutumwa kwa vipande vyote, kama wajumbe wetu wanne. Tatu, na hili ndilo kubwa, kanuni ni ya mtu aliyeiandika, na ujinga wake huingia ndani yake. Anayeamuru kila Si- iondolewe atamgeuza Simoni kuwa "moni", na Naomi kuwa "omi". Kiswahili chatuonya juu ya jambo hilo: "kitabu" kilikuja kutoka Kiarabu kikiwa kizima, lakini wasemaji wakakisikia kama chenye ki-, wakasema "vitabu". Wasemaji walifanya hivyo wakatajirisha lugha. Mashine ikifanya hivyo kwa jina la mtu, itampoteza. Kutenga shina na kiambishi hakuwezekani kwa kutazama herufi tu. Kwahitaji kujua lugha, na orodha ya koo iliyotungwa na wenye koo.

Liko jambo moja zito zaidi. Fahirisi iwezayo kumkutanisha Silungwe na Nalungwe yaweza pia kuwaorodhesha Wanyamwanga wote kwa swali moja. Afrika Mashariki haina haja ya kufundishwa hatari hiyo. Huko Rwanda kabila liliandikwa katika vitambulisho tangu zama za Wabelgiji, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumiwa vizuizini kuwachagua watu wa kuuawa. Asemaye kwamba fahirisi ni ufundi mtupu usio na upande hakufikiri. Fahirisi ni hukumu juu ya maswali yapi yajibiwe upesi na yapi yafanywe magumu, na mara nyingine ugumu ni ulinzi. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale watakaosema kwamba shina la ukoo liwe fahirisi ya taifa zima, kule Vwawa au Dodoma. Njia ya Ileje, ambayo mafundi huilaumu kwa uzito wake, hapa yaonyesha wema ambao hawakuukusudia: fahirisi ya ukoo ikae hospitalini, ndani ya daftari la hospitali, ijibu swali la ndugu aliyesimama mlangoni, wala isijibu swali la mtu aliye mbali atakaye kuhesabu watu kwa makabila yao.

Kwa kifupi, hukumu yetu ni hii. Katika kulinda habari na kuzigawa sawasawa, Cassandra yaizidi CouchDB, na historia ya fahirisi zake ni mfano wa mafundi wakosoao, wakakiri, wakarudia. Katika kumsikiliza aulizaye, CouchDB yaizidi Cassandra, kwa kuwa imetambua kwamba neno la kutafutia na neno lililoandikwa si lazima liwe moja. Hakuna kati yake iliyo na elimu ya majina. Hiyo imeachiwa watu wengine, nao hawajaitoa.

Watu hao wengine ni sisi. Mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, programu ya ofisi ya OpenOffice ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi njema, lakini ilikuwa kazi ya kubadili maneno yaonekanayo juu ya kioo. Yaliyo chini ya kioo, namna majina yapangwavyo na yatafutwavyo, yalibaki kama yalivyofikiriwa ughaibuni. Programu huria zatupa ruhusa ya kuingia huko chini, na ruhusa isiyotumiwa haina faida. Inayotakiwa ni kazi ya unyenyekevu, ambayo wanachuo wa lugha wameizoea: orodha za koo za Wanyamwanga, Wamambwe na Wanyiha, pamoja na viambishi na tahajia za pande zote mbili za mpaka, zilizokusanywa kwa idhini ya wenyeji, na kanuni za kuzitumia zilizoandikwa wazi ili kila fundi azione na kila mwenyeji azisahihishe.

Wasomaji wazijuao lugha za Songwe kuliko sisi watatuonyesha makosa yetu katika mifano tuliyoitoa, nasi tutayapokea kwa shukrani. Hata hivyo twaamini kwamba hoja yenyewe yasimama. Lugha inayoweka ukoo mwishoni mwa jina haitafutwi vema na mashine isomayo mwanzo tu. Na siku mashine itakapojibu "hayupo", karani ajue kuuliza tena kwa shina kabla ya kumrudisha ndugu wa mgonjwa nyumbani.